Barua Hupitia kwa Hakimu

Kijerumani nilijifunza mapokezini, katika hoteli moja ya pwani ya kaskazini, kwa kubishana na wageni juu ya taulo na viti vya kuotea jua. Hoteli ilipopunguza watu nikapata ukarani kwa wakili mmoja karibu na mahakama ya Mombasa. Huko Kijerumani hakikuwa na kazi yoyote, ila nilikitaja kila nilipopata nafasi, maana nilikuwa na majivuno ambayo mpaka leo hayajaniisha.

Kazi ikakijia mwanzoni mwa miaka ya tisini. Kijana mmoja wa mtaani kwetu Kibokoni, katika Mji wa Kale, mpishi wa hoteli, alialikwa Ujerumani miezi mitatu kujifunza upishi wa huko. Alikuwa mwana pekee wa mama mjane, nyumba ya tatu na yetu. Mama huyo alikuwa na chuo sebuleni mwake, na ndiye aliyenisomesha Kurani tangu alifu, kwa hiyo hata nilipokuwa mtu mzima mwenye mshahara nilimwita Mwalimu na kuinamisha kichwa nikipita mlangoni pake.

Kijana alikamatwa siku aliyofika. Watu wa forodha walikuta ndani ya sanduku lake kijisanduku cha mbao cha kunakshiwa, na katika mbao za chini za kijisanduku hicho mlikuwa na unga, ule wa kuvutwa, karibu kilo mbili.

Wiki mbili baadaye faksi yetu ilitoa karatasi nne kutoka kwa wakili wa huko aliyewekwa na mahakama kumtetea. Kijana alimpa jina la ofisi yetu kwa sababu alijua mimi niko pale. Bosi wangu aliziangalia zile karatasi, akasema hajui kitu, akaniachia. Wajerumani huanza barua kwa kukuita bibi mheshimiwa sana, kisha hawakuulizi hali yako wala ya watu wako, wanaingia moja kwa moja katika shida. Nilichukia kidogo, halafu nikaona afadhali, kwa sababu shida yenyewe ilikuwa imeandikwa wazi.

Wakili yule wa huko alieleza kwamba kwa sheria yao si lazima mtu awe alijua kwa yakini amebeba nini. Ikithibitika kwamba alidhani huenda mna kitu kibaya, na akabeba hivyo hivyo, anahesabiwa amekusudia. Akiwa hakudhani kabisa, hilo ni jambo jingine, na huenda akaachiliwa. Basi kesi nzima ilikuwa pale. Hakimu aliuliza jambo moja tu: mtu mzima mwenye akili zake anapokeaje mzigo wa mtu na asiufungue atazame?

Mimi swali hili lilinichekesha. Mtu wa Mji wa Kale akisafiri, habari hufika mtaani kabla hajakata tikiti, na mizigo ikaanza kuja. Huyu ana nduguye, yule ana mwanawe, mwingine ana rafiki wa zamani aliyekuwa baharia na sasa ameoa huko. Mzigo huja umeshonwa ndani ya kitambaa cha marekani na jina limeandikwa kwa kalamu. Ukiufungua umemwambia mwenyewe usoni kwamba humwamini, naye atalitangaza hilo mpaka Kilindini. Kijana alikuwa na mizigo tisa, na hakuwa amefungua hata mmoja.

Nikaandika hayo, na wakili akafurahi kwa namna yao, yaani aliandika kwamba ni muhimu na akataka ushahidi. Kwa muda wa mwezi nikazunguka mtaani nikikusanya maelezo ya wale wenye mizigo minane ya halali: achari ya maembe, halwa, kofia za viua, udi, dawa ya kifua. Bibi mmoja alikataa kutia sahihi mpaka nimwandikie kwamba watu wa forodha wamemharibia achari yake kwa kuichoma chuma cha kupekulia. Nikaandika. Mwenye mzigo wa tisa alikuwa mtu wa kuja, aliyefungua duka la vinyago kwa miezi michache. Duka nalo lilikuwa limefungwa kabla kijana hajafika rumande.

Katika zile karatasi nne za mwanzo mlikuwa na mambo mawili ya kumfikishia mama. La kwanza, kwamba sheria inampa mzazi haki ya kunyamaza, na hakuna wa kumlazimisha kutoa ushahidi juu ya mwanawe. La pili, kwamba barua zote za rumande, zinazotoka na zinazoingia, hupitia kwa hakimu, kwa hiyo jamaa wasiguse habari za kesi hata kwa neno moja.

La kwanza nilimfikishia, na alilipokea vibaya. Alikuwa amekwisha tayarisha maneno yake. "Andika kuwa nalimkanya," aliniambia. "Hakimu ajue mwanangu hakuleleka ovyo." Nikamweleza kwamba maneno hayo hayatakiwi, kwamba yanaweza kumdhuru kijana. Alinitazama vile alivyokuwa akinitazama nikikosea kusoma. Kwake yeye, mwana aliyekanywa na mamake ni mwana aliyelelewa, na hakimu yeyote, naye akiwa amelelewa, ataliona hilo. Nikarudia mara ya tatu, akasema haya, amenyamaza.

La pili sikumwambia. Nilikaa naye sebuleni muda mrefu, watoto wa chuo wamekwisha kwenda, na nilikuwa na nafasi ya kutosha. Nilimwonea haya. Yule mama kila juma alimwandikia mwanawe barua ndefu, na mimi nilijua mna nini humo bila kusoma: dua, kulia, jinsi anavyolala na nguo za mwanawe, ugomvi wake na shemeji zake juu ya nyumba. Ningemwambia vipi kwamba mwanamume asiyemjua anaketi ofisini anazisoma? Na nilikuwa na sababu nyingine, ambayo wakati ule niliiona ya werevu. Mwalimu hakujua kuandika kwa herufi za Kizungu. Aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama wakubwa wetu wote waliokwenda chuo na hawakwenda skuli. Mimi mwenyewe nilihitaji muda kuisoma hati yake. Nikajiambia, Ujerumani nzima nani atakayeijua? Wataiona ni Kiarabu, watampa Mwarabu, Mwarabu hataelewa kitu, wataiachia ipite. Nikawa naandika anwani juu ya bahasha na kuzipeleka posta mwenyewe.

Miezi minne ikapita. Wakili alikuwa na matumaini, na Wajerumani hawasemi wana matumaini ovyo ovyo. Maelezo ya bibi wa achari yalisomwa katika kikao cha awali na hakimu aliuliza maswali juu yake kwa dakika nyingi. Nilimwambia Mwalimu ajiandae kumpokea mwanawe. Hilo nalo sikupaswa kulisema.

Kisha ikaja faksi ya karatasi mbili. Wakili aliandika kwamba barua moja ya mama ilizuiwa na hakimu na kutiwa katika faili la kesi. Mahakama ilikuwa imempata mzee mmoja wa chuo kikuu, aliyeisoma kwa siku moja, na katika maelezo yake akausifu mwandiko. Karatasi ya pili ilikuwa tafsiri. Kwa hiyo maneno ya mwalimu wangu niliyasoma kwa Kijerumani, nimesimama kando ya mashine, na ikanibidi niyarudishe moyoni kwa Kiswahili ili nimsikie. Alikuwa amemwandikia mwanawe hivi: nilikukanya juu ya mzigo wa mtu yule, nikakwambia hatujui alikotoka wala kazi yake, nawe ukaniambia hata wewe umeuona mzito kupita kiasi, lakini waona haya kumrudishia.

Wakili aliuliza kwa heshima kama jamaa walifikishiwa lile onyo juu ya barua. Nikajibu kwamba walifikishiwa. Ndio uongo pekee niliouandika kwa Kijerumani maishani mwangu, na haukuwa na kosa hata moja la sarufi.

Mama, wakili alieleza, angeweza kukaa kimya mbele ya mahakama yoyote na hakuna ambaye angemgusa. Lakini barua aliyoiandika kwa hiari yake na kuipeleka posta haina kinga hiyo. Kijana alihukumiwa miaka mitano na nusu. Kama kweli alishuku, sijui. Mtu akisema mzigo ni mzito huenda hakusudii zaidi ya uzito. Hakimu aliona vingine, na kwa yale yaliyokuwa mezani pake siwezi kumlaumu.

Mwalimu nilimwambia hukumu, sikumwambia sababu. Akaniuliza kama hakimu alipata kujua kwamba kijana alikanywa. Nikamwambia alijua. "Basi yatosha," akasema. "Nti ya watu ina sheria zake."

Alipotimiza karibu nusu ya kifungo walimrudisha kwa ndege, na huo ni utaratibu wao kwa wageni. Mamake alipika, akaniita nami. Kijana alikuwa amenenepa kidogo na amekuwa mpole wa kupita kiasi, anangoja aambiwe keti ndipo aketi. Baada ya kula alinisindikiza mpaka barazani. Mama alikuwa ndani anakusanya sahani, tunamsikia.

"Ile barua waliisoma mbele za watu," aliniambia kwa sauti ya chini. "Mkalimani aliisoma yote, hata salamu. Mama asijue."

Nikasema hatajua. Ningeweza kuaga hapo nikaenda zangu, na pengine ningekuwa nimemtendea wema. Lakini ile faksi ilikuwa imenikaa rohoni miaka yote ile, na nilitaka kuitua. Nikamwambia kwamba mimi nilijua tangu siku ya kwanza kuwa barua zinasomwa, na kwamba sikumwambia mamake.

"Kwa nini?"

"Nalimwonea haya."

Alitazama mlango, hakunitazama mimi. Ndani mama aliita, akauliza kama mgeni anaachwa atoke mikono mitupu. Kijana akaingia, akarudi na bakuli limefunikwa kwa kitambaa, akanipa kwa mikono miwili kama alivyofunzwa, akasema usiku mwema dada.

Tangu siku hiyo tukikutana njiani hunisalimu salamu kamili, hali yangu, ya wanangu, ya nyumbani, wala haachi hata moja, kisha huenda zake. Simlaumu. Mwalimu sasa ni mkongwe, macho yamemwishia, na akija mgeni nami nipo hunishika mkono akasema, huyu ndiye aliyempigania mwanangu kwa Wazungu. Mwanawe akiwa yupo huinuka, akatoka nje.