Kigelegele cha Tano

Andika, mjukuu wangu Nyambura, na uandike polepole, kwa maana mimi sikusoma na sitaweza kukusahihisha. Baba yangu alikuwa Githinji, mzaliwa wa kilima kilicho juu ya Gatitu, mahali ambapo asubuhi ukungu ukiinuka unauona mji wa Nyeri wote chini yako. Mama yangu alikuwa Wangari, aliyezaliwa upande wa Murang'a, karibu na panapoitwa Kenol leo, wakati huo pakiwa nyasi na vumbi tu. Mimi nilizaliwa kwa baba, mvua ndefu zikinyesha, nikapewa jina la mama yake, kama wewe ulivyopewa langu.

Uliniuliza kwa nini niliinuka nikatoka nje siku ile mlipokuwa mkimtazama rais mpya akiapishwa. Mlidhani nimemkasirikia aliyeshinda. Sina neno naye. Niliinuka kwa sababu wanawake wa kwenye televisheni walipiga vigelegele, jirani yetu akavipokea kutoka ng'ambo ya ua, na wa mbele yake akavipokea kwake, hata mtaa mzima ukalia. Wengine husikia furaha tu. Mimi hunijia harufu ya mafuta ya taa na ya kitambaa kipya cha dukani, na uso wangu huwaka, mzee nilivyo.

Kwetu, mtoto alipozaliwa, hakutangazwa kwa maneno. Wanawake walipiga vigelegele, vitano kwa mvulana na vitatu kwa msichana. Mtu aliyekuwa akipalilia maharagwe ng'ambo ya mto alisimamisha jembe, akahesabu, akajua. Mmoja alianzisha, na wenzake wakampokea kabla pumzi yake haijaisha. Kigelegele kisichopokelewa kilikuwa kitu cha kutisha. Ilikuwa kama kusema kwamba mtoto huyo hana watu.

Kijijini kwetu, aliyeanzisha alikuwa mama yangu. Sauti yake ilianza chini, ikapanda, ikakaa juu kama mwewe asiyepiga bawa. Hata wanawake wasiompenda walimngoja yeye.

Nasema kijiji, lakini hakikuwa kijiji cha kupenda. Nilipokuwa mdogo sana, serikali ya wakoloni iliwatoa watu mashambani mwao ikawabana pamoja mahali palipozungukwa na handaki lenye vigingi vilivyochongoka, ili wasiwapelekee chakula wapiganaji waliokuwa msituni. Lango lilikuwa moja. Langoni alisimama baba yangu na mkuki, na utepe mkononi. Watu kama yeye waliitwa ngati, walinzi waliokuwa upande wa mzungu. Mimi sikujua hayo. Nilijua tu kwamba chai ya kwetu ilikuwa na sukari, na kwamba watoto wengine walipenda kunusa kikombe changu.

Uhuru ulipokaribia, handaki lilikuwa limefukiwa na vigingi vimekwisha kuwa kuni, lakini watu walikuwa palepale, kila mmoja akijua mwenzake alisimama wapi. Ndipo ikasemwa kwamba Mwafrika wa kwanza ataapishwa kuishika nchi, yule mzee waliyemfunga mbali, na kwamba sauti yake itasikika kwenye redio ya dukani kwa Bi Zubeda. Huyu alikuwa mwanamke Mwislamu wa mjini, mwenye duka la vitambaa na mafuta ya taa pale Gatitu. Wanawake wakakubaliana mtoni, wakichota maji: akisema kiapo, tutampigia vitano, kwa maana nchi imejifungua mwana.

Asubuhi ya siku hiyo mama alioga, akajipaka mafuta, akavaa leso mpya. Baba alikuwa ameinama kwenye kizimba kilichokuwa ndani ya nyumba, akimlisha kondoo wetu mtama na majani ya viazi. Kondoo dume alinoneshwa hivyo, gizani, asitembee, mpaka mkia wake ukawa mzito kama mtungi. Mimi ndiye niliyemkatia majani, na nilidhani ni wa sikukuu.

"Keti nyumbani," baba akasema bila kugeuka. "Siku hii si yetu."

"Mtoto akizaliwa kwa jirani, Baba Nyambura, hata uliyekosana naye unampigia. Nisipokwenda watasema nini? Ati Wangari amenuna kwa sababu mzungu amefunga mizigo?"

"Watasema hivyo hata ukienda."

Mama akanishika mkono, tukaenda.

Sijawahi kuona watu wengi vile. Bi Zubeda alikuwa ameiweka redio juu ya meza, na meza juu ya kibaraza, na tangu asubuhi alikuwa ameanika betri zake juani ili zipate nguvu. Mzee mmoja aliivulia redio kofia, kisha akawakemea vijana waliokuwa hawajavua zao. "Mnamsalimia mkubwa na vichwa vimefunikwa?" Mwingine alitaka kujua kama mzee wa redioni naye anatuona. Tulicheka sote, na kwa muda huo mdogo niliamini kwamba sisi ni watu kama watu wengine.

Kisha mwanamke mmoja nyuma yetu akasema, kwa sauti ya kusikika, "Hee! Hata nyumba ya ngati imekuja? Wamekuja kumlaki, au kumpekua?"

Wengine wakaguna. Mama hakugeuka, lakini mkono wake ulibana wangu. Mbele yetu kidogo alisimama Wairimu, jirani yetu, mjane wa Ndirangu. Huyu ndiye aliyekuwa akinipa nduma za kuchemsha nikipita kwake, kisha akaacha siku moja, wala sikuambiwa sababu. Alisikia maneno yale, akainamisha kichwa.

Redio ikakoroma, ikatulia, na sauti nzito ikaanza kusema. Sikuelewa hata neno moja. Nilielewa tu kimya cha watu, namna wanaume walivyokunja midomo, na bibi mmoja aliyekuwa akilia huku akitafuna tumbaku. Sauti ilipokoma, makelele yakatoka redioni, ya watu wa mbali. Kwetu hakuna aliyepaza sauti. Wanawake walingoja, kwa mazoea tu, wala hawakuwa na haja ya kumtazama waliyemngojea.

Mama akaanzisha.

Kilipanda, kikakaa juu, kikapita mabati ya duka kikaenda mabondeni. Alipofika mwisho wa pumzi aliacha nafasi, kama inavyoachwa. Nafasi ikabaki tupu. Nilitazama juu nikaona midomo ya wanawake imefungwa, si kwa kusahau.

Akapiga cha pili, peke yake. Bado nafasi tupu. Kwa cha tatu sauti yake ilikuwa imeanza kukauka. Hapo akasimama kupata pumzi, na yule wa nyuma akasema, "Vitatu! Wangari ameizalia nchi msichana!"

Wanaume wakacheka. Nyambura, kicheko hicho ninakijua mpaka leo, kila jino lake. Mama hakuweza kurudi nyuma. Waliokuwa ng'ambo ya mto walikuwa wakihesabu. Akiacha pale, amepeleka habari ya uongo, na akiendelea, anaendelea kuaibika. Akapiga cha nne. Kilivunjika katikati kama kuni mbichi inayolazimishwa gotini. Akafungua kinywa kwa cha tano, na hakikutoka kitu.

Nilitamani redio izungumze tena. Nilitamani mvua.

Ndipo Wairimu akainua kichwa. Hakugeuka kututazama. Akapiga cha tano, kikavu, kigumu, kisicho na pambo, akakifikisha mwisho. Kilipokwisha, wanawake wote wakafurika kama mto, vigelegele vikamiminika visivyo na hesabu, ngoma ikaletwa, na Bi Zubeda akapita akigawa sukari guru.

Mama akamwendea Wairimu, machozi yakimtiririka. "Asante, mama. Mungu akubariki kwa kunipokea."

"Usinishukuru," Wairimu akasema. "Sikukupokea wewe. Aliyezaliwa leo hana kosa, nisingemwacha na vinne. Mambo ya nyumba yako ni mengine. Hayo ayalete mumeo mwenyewe, aje nayo kwangu akitembea, mchana, watu wakiona."

Mimi sikusikia maneno hayo kama yalivyosemwa. Nilisikia tu kwamba tumejibiwa. Nilikimbia mbele ya mama mpaka nyumbani, nikamwambia baba, "Tumepokewa! Wairimu ametupokea!" Nilidhani atafurahi. Aliniuliza Wairimu alisema nini, na mama alipofika akamweleza neno kwa neno. Baba akaenda akakaa karibu na kizimba, akaweka mkono juu ya mgongo wa kondoo, akakaa hivyo mpaka moto ukazimika bila mtu kuuchochea.

Hakunipeleka shule. Alisema watoto wa huko wangenitia jina. Mama akanipeleka kwa Bi Zubeda nikamlelee mjukuu wake, na kwake ndiko nilikojifunzia Kiswahili hiki ninachokuambia uandike. Yeye hakuvumilia neno lililovunjika. Alinirudisha mwanzo wa sentensi kama alivyomrudisha mtu aliyeingia bila kubisha hodi.

Nilikuwa nimekwisha kuolewa mama aliponiambia yaliyobaki. Tulikuwa tukichuma kahawa, kila mmoja upande wake wa mti, na nafikiri alichagua hivyo ili tusionane uso. Alisema kwamba siku moja Wairimu alipita langoni na kikapu cha majani ya mbuzi. Baba alimfahamu vizuri. Ndirangu mumewe, aliyekuwa msituni, na baba walitahiriwa pamoja. Hakukuwa na mzungu karibu. Angeweza kutazama pembeni. Akayainua majani, akakuta nduma zilizochemshwa. Wairimu akachukuliwa, akapigwa mpaka akaitaja njia, na kwenye njia hiyo Ndirangu akaviziwa akingojea chakula. Hakurudi. Juma lile, mama akasema, tuliongezewa sukari.

Nilisimama pale na kahawa mkononi, na ulimi wangu ukaikumbuka chai.

Na kondoo? Desturi yetu ilikuwa wazi. Aliyeidhulumu nyumba humnonesha dume, akampeleka kwa aliyemdhulumu pamoja na wazee, akasema kosa lake kwa kinywa chake, ndipo nyama ikaliwa pamoja. Baba alimnonesha, akanona mpaka hawezi kusimama. Baba akasema mwezi ujao. Mwezi ukaja, akamuuza, akatia mwingine kizimbani. Miaka yote hiyo nilikata majani kwa ajili ya kondoo ambao hawakwenda popote. Nyumba ya Wairimu ilikuwa karibu kiasi kwamba tulisikia akipuliza moto wake. Alifariki kwanza yeye, kisha baba, na siku tuliyomzika baba kulikuwa na dume ndani, anatafuna.

Watu husema wakati ule tulisherehekea sote. Mimi nilikuwepo. Wairimu aliweza kuitenga nchi na nyumba yetu, akaipa nchi haki yake huku ametuchukia kwa haki yake. Nilidhani ametusamehe. Alikuwa amempa baba nafasi, na nafasi hiyo ikabaki tupu kama ile ya mama.

Sasa sikiliza, kwa maana haya ndiyo utakayohifadhi. Usiandike kwamba zamani zilikuwa ngumu kwa wote. Ni maneno ya watu waliokuwa na sukari. Andika jina la Ndirangu bila kulificha, na la Wairimu. Usimfanye baba yangu kuwa mnyama. Alinibeba mgongoni nilipougua surua. Andika alichofanya, na kwamba hakulazimishwa. Usiwaulize wajomba zako kama ni sawa kuandika. Watakataa.

Binti wa mwisho wa Wairimu yuko hai. Aliolewa kule Mwea, anauza mchele pale Wang'uru, na naambiwa hajui ni mkono wa nani uliofunua kikapu cha mama yake. Magoti yangu hayawezi safari hiyo. Utakwenda wewe, mchana, na dume aliyenona, na mzee mmoja wa kukushuhudia. Mwambie yote kabla hajakupa chai. Usilie mbele yake, na usimwombe kitu. Na ukifika mlangoni pake, mtoto wangu, usiketi mpaka akuambie keti.