Mdudu Aliyeniuma Ulimi

Sisi tuliokulia Kimumu kabla ya maghorofa tulikuwa na kidimbwi chetu. Kilikuwa shimo la zamani la kuchimba mawe. Mvua ililijaza, nyasi zikaota kandokando, na kina mama wakatukataza kufika huko. Kwa hivyo tulifika kila siku baada ya shule.

Mle majini aliishi mdudu mweusi anayeng'aa, mgongo umezungushiwa mstari wa manjano. Alikuwa akipanda juu kinyumenyume, anavuta hewa, kisha anazama na kipovu kimemning'inia nyuma. Alikuwa mkali. Kiluwiluwi kikipita karibu, alikidaka na kukitafuna mpaka kikaisha.

Mimi nilikuwa na shida moja: sikujua kupiga mluzi. Rafiki yangu Nekesa, ambaye baba yake alitoka Bungoma kuja kufanya kazi ya mjengo, alisema kwao dawa inajulikana.

"Mdudu wa maji akuume ulimi. Jioni utapiga mluzi mpaka mbwa wa mtaa wa Munyaka waje."

Tulimvua kwa kichungio cha chai cha Mama. Nikatoa ulimi, Nekesa akamsogeza. Aliuma kama aliyekuwa akinisubiri.

Sasa, kesho yake ilikuwa siku ya wazazi shuleni, na mimi ndiye niliyechaguliwa kukariri shairi. Jioni ile, kufika wakati wa chakula, ulimi ulikuwa umejaa mdomo. Mama akaniuliza nimekula nini. "Thijui," nikajibu. Baba aliacha ugali akatoka nje kucheka. Mama hakucheka, alikuwa amewaalika wanawake wote wa kanisa waje wanisikie.

Asubuhi mwalimu aliutazama ulimi wangu akashika kichwa.

"Sasa nani atasema shairi?"

Nekesa akasimama. Huyu hakuwahi kuinua mkono darasani, maana tulizoea kumcheka matamshi yake.

"Mimi nalijua, mwalimu. Huwa namsikia akilisema njiani."

Akapanda mbele na sweta iliyotoboka kiwiko, akalisema lote, kwa sauti ambayo hatukujua anayo. Mama alipiga makofi kuliko wote, kisha akamleta nyumbani kwa chai na mandazi. Hakuna aliyemcheka tena. Leo Nekesa ni mwalimu wa Kiswahili upande wa Chepkoilel, na wanafunzi wake wanamwogopa vizuri. Mluzi wangu haujaja mpaka leo.

Kidimbwi kilifukiwa, pakajengwa nyumba za kupangisha. Mwanangu alipotaka kujua mluzi, alifungua simu, akaangalia video, akaweza kabla chai haijapoa. Nikamsimulia yetu. Alisikiliza kwa makini, halafu akauliza, "Na mtu mkubwa alikuwa wapi?"

"Shambani," nikamwambia.

Akanihurumia. Nami nikamhurumia yeye: ana miaka tisa, na hajawahi kuumwa na kitu zaidi ya mbu.