Nyeusi kwenye Maji ya Matope

Leo nimevua samaki huku bunduki imenielekea mgongoni.

Kwenye kizuizi cha barabarani Ggaba, kando ya ziwa, askari alifungua mkebe wangu. Ndani mna viminyoo vya plastiki laini, vyeupe na vyeusi, kila kimoja na ndoana yake.

"Hii ni kitu gani?"

"Chambo, afande. Nimekata kwenye sandali kuukuu za mke wangu."

"Samaki nakula kiatu? Vua nione. Kama hapana, panda lori."

Mvua ilikuwa imechafua ziwa. Cheupe nikakiacha, nikafunga cheusi, maana kwenye matope samaki hufuata kivuli. Nikavuta polepole.

Mbuta, yaani sangara, akauma.

Afande akamchukua, akanirudishia mkebe. Nyumbani nikaufungua: amebakiza vyeupe tu.

Sandali nyeusi zilizobaki ziko miguuni mwa mke wangu. Nani atakwenda kumwomba?