Blogu Isiyo na Viungo Haipandi

Hezroni wa Mamba, huku kwenye milima ya Wapare, alikuwa katibu tangu ujana wake, na ukatibu ukishamkaa mtu mwilini hautoki kwa dawa. Alianza kwa ukarani wa chama cha ushirika cha kahawa, enzi ambazo mkulima alipeleka kahawa yake ghalani akaambiwa asubiri, akasubiri mpaka akasahau anachosubiri. Kisha likaja soko huria. Wanunuzi binafsi wakapanda mlima na magari yao, ushirika ukafa bila hata kufanyiwa matanga, na Hezroni akabaki na mhuri wa chama kisichokuwepo. Watu waling'oa mibuni wakapanda tangawizi. Yeye hakung'oa wala hakupanda, maana jembe la nyumba ile lilishikwa na mkewe, Jenoveva.

Soko huria, kama mjuavyo, ni soko ambalo kila mtu yuko huru kukupunja. Huku Mamba uhuru huo alikuwa nao Amiri, mfanyabiashara aliyepanda kutoka Makanya na fuso lake kila msimu. Bei yake ilikuwa ya gunia, lakini gunia lenyewe lilikuwa lumbesa: likishajaa mpaka mdomoni, vibarua wake wanafunga wavu wa kamba juu yake na kushindilia kilemba kingine cha tangawizi, na kilemba hicho hakilipiwi. Jenoveva, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa tangawizi, aliichukia lumbesa kama ndui. Kila alipolalamika, Amiri alimjibu kwa upole, "Mama, si lazima uniuzie mimi. Soko ni huria." Na mama hakuwa na mwingine wa kumuuzia.

Mambo yalikuwa hivyo mpaka mkongo wa mawasiliano ulipopita kando ya barabara kuu, na simu za Kichina zikapanda mlima zikiwa na intaneti ndani. Hezroni akaalikwa semina ya ujasiriamali mjini Same, semina ya haja, yenye sambusa na nauli ya kurudia. Mkufunzi, aliyetoka Dar es Salaam, aliwaambia kwamba siku hizi mnunuzi haji kubahatisha na gari. Anakaa ofisini kwake anagugo, na anayetokea juu kabisa kwenye ukurasa wa kwanza ndiye anayeuza. Njia ya kufika huko juu ni blogu.

"Andikeni kila mara," alisema mkufunzi. "Lile neno mnalotaka mpatikane nalo, lirudieni. Na msisahau viungo. Blogu isiyo na viungo haipandi."

Hezroni alitikisa kichwa kwa kuridhika. Mtu wa Mamba utamfundisha nini kuhusu viungo? Alirudi kwake akafungua blogu, akaiita Tangawizi ya Mamba, akaitia viungo kwelikweli: iliki, mdalasini, karafuu, bizari nyembamba, pilipili manga, na maelezo marefu ya kupika pilau, yeye ambaye hajawahi kuchemsha hata maji ya kunyolea. Blogu haikupanda. Ilikaa chini huko hata mwenyewe akiitafuta chaji inaisha kabla hajaifikia. Akampigia simu mkufunzi kulalamika, na mkufunzi alipomaliza kucheka alimweleza kwamba kiungo cha mtandaoni ni yale maandishi unayoyabofya yakakupeleka kwenye ukurasa mwingine. Inatakiwa blogu za wenzako ziwaelekeze watu kwako, ili mtandao uone una jamaa wa kukutambua.

"Kumbe ni kama ukoo," akasema Hezroni.

"Ni kama ukoo, mzee wangu," akajibu mkufunzi, akakata simu.

Mambo ya ukoo Hezroni aliyajua. Akaomba undugu kwa kila blogu iliyomjibu: ya mpira, ya mitindo ya nywele, ya umbea wa mjini. Aliyemchangamkia kuliko wote alikuwa mganga mmoja wa kijiji cha Bendera aliyejiita Dokta Kurwa, mwenye dawa za mapenzi, za nyota na za kushinda kesi. Dokta Kurwa alimwekea kiungo juu kabisa ya ukurasa wake, na Hezroni, ambaye ni mzee wa kanisa, akarudisha fadhila bila kumwambia mchungaji.

Lilibaki suala la kurudia neno. Hapo ndipo watu walipoanza kumwogopa. Aliandika habari za harusi, kwamba maharusi walipendeza na wageni walikunywa chai ya tangawizi ya Mamba. Aliandika habari za mavuno kanisani, kwamba kwenye mnada jogoo mmoja aligombewa vikali, jogoo aliyekulia jirani na tangawizi ya Mamba. Mzee Melkizedeki alipofariki, Hezroni aliandika kwamba marehemu ameacha mjane, watoto, wajukuu na tangawizi ya Mamba. Wana wa marehemu walikasirika wakataka kwenda mahakamani, na Mpare akitamka mahakama huwa hatanii. Walipoambiwa kwamba tangazo la baba yao limesomwa mpaka Ulaya, wakapoa.

"Baba Eva," Jenoveva alimwambia siku moja wakila makande, "kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."

"Mama Eva, methali hiyo ni ya kabla ya soko huria," alijibu Hezroni. "Siku hizi biashara ni matangazo."

Kwa bahati mbaya, blogu ikapanda. Nasema bahati mbaya kwa sababu ilipanda msimu ulipokuwa unafunguliwa. Hezroni alizungusha simu kwenye mkutano wa kikundi, kila mama akaona kwa macho yake: ukurasa wa kwanza, juu kabisa, Tangawizi ya Mamba. Akawaambia kwamba lumbesa imekwisha, wanunuzi wa Nairobi na wa Uarabuni wako njiani. Tena akataka waing'oe tangawizi yote, wasiiache ardhini kuvizia bei kama walivyozoea, maana mnunuzi wa mtandaoni anataka kuona picha ya ghala lililojaa. Jenoveva aliitazama ile simu kwa muda mrefu. Ada ya Eva, binti yao aliyekuwa chuo cha ualimu, ilikuwa kwenye tangawizi ile, na wenzake nao walikuwa na ya kwao. Mwishowe alimwamini mumewe, kwa kuwa alitaka sana iwe kweli.

Amiri alipofika akaambiwa hawauzi, hakugomba. Aliuliza tu jina la ile blogu, akaliandika kwenye simu yake, akateremka na fuso tupu.

Simu za wanunuzi zilianza kuingia upesi. Ya kwanza Hezroni aliipokea mbele ya kikundi, sauti ikiwa wazi wote wasikie.

"Mnauza mzima au ngozi tu?" aliuliza mtu wa mbali.

"Mzima," akasema Hezroni. "Ukitaka iliyomenywa, tunamenya."

"Mnamenya wenyewe?"

"Tunamenya, tunakata vipande, tunaanika, tunasaga."

Mtu wa mbali alishusha sauti. "Na nyongo mnaipeleka wapi?"

Watu wa Mamba wamezaliwa na jina hilo, na katika kulitaja hawamsikii mnyama ndani yake. Ilibidi wapigiwe na watu wengi, kila mmoja akiulizia nyongo, meno au mafuta, ndipo waelewe. Watu hao hawakutafuta tangawizi. Walikuwa wakitafuta mamba wa mtoni, na Dokta Kurwa kwa kiungo chake alikuwa amewahakikishia kwamba dawa iko milimani.

Siku moja gari zuri lilipanda mpaka ghalani, na akina mama wakalipokea kwa vigelegele. Walioshuka walikuwa maofisa wa wanyamapori, waliokuja kukagua biashara ya ngozi. Walipekua, wakachungulia nyuma ya malundo, wakakuta tangawizi. Walipewa ya kutia kwenye chai, wakashukuru, wakaondoka.

Mtu mwingine angeacha. Hezroni alikumbuka kwamba kanuni ni kuandika kila mara, akaandika. Ghala limejaa tangawizi ya Mamba, wala hatuna mamba. Baadaye akaandika: tangawizi ya Mamba inaanza kunyauka, wanunuzi wahini. Na baadaye tena: tangawizi ya Mamba imeshika ukungu, akina mama wana wasiwasi mkubwa. Wasiwasi wenyewe ulikuwa nje ya mlango wake. Jenoveva alishinda ghalani akigeuza malundo, akichambua yaliyooza, na alipoona yaliyooza yanazidi mazima alikaa chini akalia mbele ya wenzake. Hakuna aliyempa pole, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na kilio chake.

Kesho yake fuso la Amiri lilipanda mlima. Hakuna aliyemwita. Alitaja bei, ikawa chini ya ile waliyoikataa, na vibarua wake wakashusha nyavu pana kuliko za mwanzo.

"Umejuaje kama bado tunayo?" Jenoveva alimuuliza.

"Nasoma, mama," alisema Amiri. "Nasoma kila anachoandika. Niliposoma ghala limejaa, nikasema nitulie. Niliposoma imenyauka, nikasema bado. Juzi nimesoma ukungu, nikawasha gari." Kisha akamgeukia Hezroni kwa heshima zote. "Shikamoo, katibu. Unaandika vizuri sana. Usije ukaacha."

"Marahaba," akaitikia Hezroni kwa mazoea.

Kazi ikaanza. Akina mama walijaza, vibarua wakashindilia, vilemba vikapanda mpaka kifuani mwa mtu mzima. Jenoveva alijaza akimpa mumewe mgongo, na mgongo huo ulimuuma Hezroni kuliko matusi. Akamsogelea, akatafuta la kumfariji, akapata moja tu.

"Mama Eva," alisema taratibu, "lakini bado tuko wa kwanza."

"Ndiyo, Baba Eva," akasema Jenoveva. "Na msomaji wako ndiye huyu. Mshikie gunia."