Tulifikiri Ni Balansi

Hapa Lubumbashi, ukienda kusikia orkestra unajua kwanza utavumilia balansi. Wapiga gitaa wanapanda jukwaani mbele ya watu wote, wanagusa nyuzi, wanapima spika, wa ngoma anapigapiga. Sisi huku chini tunasalimiana, tunaagiza soda, tunasengenya nguo za watu. Hakuna anayesikiliza. Muziki unaanza mwimbaji akitokea, na mwimbaji anatokea mwisho, kama askofu. Hatukufundishwa na mtu. Tulizaliwa tukakuta mambo yako hivyo.

Sasa mdogo wangu akaingia katika bendi isiyo na mwimbaji.

Walikuwa wanne: magitaa mawili, besi na ngoma. Wenyewe waliita muziki wao post-rock. Mimi niliuita muziki wa mabubu, naye alicheka tu. Mara ya kwanza nilipoenda kuwaona, katika ukumbi wa parokia, nilikaa na soda yangu nikingoja. Gitaa moja likalia taratibu, likarudia sauti ile ile, likarudia tena, mpaka nikamwambia jirani yangu, “Bale banapima sana, lakini!” Halafu ngoma ikaingia, gitaa la pili likaingia, kelele ikapanda na kupanda hadi kifua kikanitetemeka. Nilisahau soda mkononi. Walipomaliza, watu walitazamana. Mzee mmoja alikuwa amekwisha kusimama na noti yake, ambandike mwimbaji usoni kama tunavyofanya, akabaki hajui aibandike kwenye paji lipi. Akairudisha mfukoni. Nilicheka hadi machozi, ila nyumbani usingizi haukuja upesi.

Mama yetu hakutaka hata kusikia habari hiyo. Ameimba kwaya tangu sijazaliwa. “Muziki bila maneno? Mungu alitupatia kinywa ya nini?” alikuwa akisema, na mdogo wangu hakumjibu. Alikuwa mpole kupita kiasi. Mimi ningejibu.

Halafu figo zikamharibikia mdogo wangu. Ilianza miguu kuvimba, kisha uso kila asubuhi, kisha vidole. Vidole, jamani, na yeye mpiga gitaa! Daktari alizunguka na maneno yake hadi nikakasirika nikamwambia, “Docteur, sema tu.” Akasema. Afadhali angeendelea kuzunguka.

Tangu siku ile mdogo wangu, aliyeniita yaya kwa kuwa mimi ndimi mkubwa, alitaka kitu kimoja. “Yaya, umulete mama anisikie. Mara moya tu, mbele vidole havijakataa. Kuko moya nilitunga ya kwake.”

Kitu chenyewe alinieleza jikoni nikichambua dagaa. Alipokuwa mchanga, mama alikuwa akiuza bukari, ugali wetu, na samaki wa Kasenga kwa madereva wa malori kwenye foleni ya mpakani Kasumbalesa, mtoto mgongoni. Alfajiri, mpaka ukikaribia kufunguliwa, malori yalikuwa yakiwashwa moja moja, kwanza ya mbali, kisha ya karibu, mpaka ardhi yote inanguruma. Aliniambia hicho ndicho kitu cha kwanza anachokumbuka duniani: injini zile na joto la mgongo wa mama. Ndicho alichotunga. Mwanzo wake ni gitaa lake peke yake, chini chini, kama lori lililo mbali.

“Basi nimwambie mama,” nilisema.

“Hapana, yaya. Asikie mwenyewe. Atajua.”

Nilimlaumu kwa hilo, na bado namlaumu.

Ilikuwa Jumapili mchana, baada ya misa. Mama alivaa kitenge chake cha sikukuu, nikamkalisha mstari wa mbele. Mdogo wangu alipiga akiwa amekaa, kwani miguu ilikuwa haimbebi tena. Alimtazama mama, akainamisha kichwa, akaanza.

Mama akaniinamia. “Banaanza saa ngapi?”

“Mama, bameanza.”

“Aye! Njo balansi hii. Muimbaji hayafika.” Akageuka, akamwona mwenzake wa kwaya mlangoni, akasimama. Nilimshika kitenge. Akanipiga kofi mkononi kama mtoto, akatoka kwenda kusalimia.

Ningefanya nini? Kupiga kelele ningeuharibu muziki. Kumfuata, viti vyote viwili vingebaki vitupu. Mdogo wangu macho yalikuwa kwenye vidole vyake vilivyovimba, anavilazimisha. Basi nikahamia kwenye kiti cha mama, nikajikunja pale, angalau akiinua macho aone mtu. Malori yalikaribia. Ngoma ikaingia, besi ikaingia, ukumbi mzima ukawa unanguruma, na katikati ya ngurumo ile aliinua macho. Akaniona mimi. Alinitazama kidogo, akarudi kwenye nyuzi zake.

Mama alirudi watu wakipanga viti. Mkononi alikuwa na chupa ya maji baridi. “Nimemuletea, atasikia kiu akianza,” alisema. Halafu akatazama huku na huku. “Kwani imeisha? Imeisha na haiyaanza?”

Nilifungua kinywa nimwambie. Mdogo wangu akanitangulia. Aliipokea chupa kwa mikono miwili. Daktari alikuwa amemkataza maji, alikuwa akipimiwa kwa kikombe kidogo, na mama alikuwa amesahau katika furaha ya misa. Mdogo wangu aliyanywa yote, akimwangalia.

“Aksanti, mama. Ilikuwa balansi tu. Utasikia siku ingine.”

Siku nyingine haikuwepo. Vidole vilikataa, na mvua za kwanza zilipoanza tulikuwa tumefiwa naye.

Nilimwambia mama siku ya pili ya kilio, kwenye mkeka, mbele ya shangazi zetu. Nilimwambia yote: injini, foleni, mgongo, chupa ya maji. Nilikuwa na hasira na nilitaka maneno yamchome. Alijifunika kitenge kichwani akalala akiangalia ukuta.

Kabla ya kwenda makaburini, wenzake watatu wa bendi walifika uani kwetu Kasungami na vyombo vyao na jenereta ndogo. Wazee wa kwaya walinuna. Kilio si baa. Mmoja wa wanabendi alivaa gitaa la mdogo wangu, akakaa kwenye kiti cha plastiki kando ya sanduku alimolala mwenyewe, akaanza chini chini.

Watu waliendelea na yao. Wanawake waliendelea kugawa sahani, wanaume chini ya turubai waliendelea kubishana kuhusu gari la kubebea maiti. Kiongozi wa kwaya alisikiliza kidogo, akasimama, akafungua kitabu chake cha nyimbo. “Bamalize balansi yabo,” alisema, “siye tuimbe.”

Mama akainuka kwenye mkeka.

“Ikala chini, ba tata,” alimwambia. “Ilisha kuanza.”

Kiongozi akakaa. Uani sahani zikawekwa chini. Lori la kwanza lilinguruma mbali, kisha la pili, kisha yote yakaja. Mama alisimama katikati ya uwanja, ameinama kidogo mbele, mikono yake nyuma kiunoni, pale anaposhikiliwa mtoto asianguke.