Tulibadilisha siling ya bafu lenye unyevu Bariadi, mama akataja jina lisilotajwa nyumbani

Wakuu, habari za kushinda.

Kuna mwenzetu kaleta uzi anauliza bafu lake linatoka ukungu, aweke siling gani. Nikaanza kumjibu, jibu likarefuka mpaka nikaona haya kujaza uzi wa mtu. Basi nimefungua wa kwangu.

Haya yametokea nyumbani kwetu na mimi nikiwepo. Sijaongeza chumvi. Wenye haraka na mambo ya ujenzi tu, yako humo katikati, mtayakuta.

Ni Bariadi, mtaa wa Somanda. Enzi hizo bado tulikuwa tunahesabiwa mkoa wa Shinyanga, Simiyu kama mkoa haijazaliwa. Soko huria lilikuwa limeshafika hadi kwetu. Msimu wa pamba ukianza, kiwanda cha pamba cha Kasoli kinajaa magari ya wanunuzi binafsi wanaogombea wakulima, na maduka ya mjini yameanza kuuza vitu ambavyo zamani tulikuwa tunavisikia kwa waliofika Mwanza.

Nyumba ile baba aliijenga kwa pamba kabla hajafariki. Bafu la ndani ndilo lilikuwa fahari yake. Mgeni akija anapelekwa kuliona kwanza, ndipo anapewa kiti.

Ila lilijengwa kama stoo. Kidirisha kimoja juu, kioo hakifunguki. Juu bati, chini yake siling ya hadibodi, yale mabao membamba ya unga wa mbao. Mvuke ukipanda hauna pa kutokea.

Mama yangu, ambaye sisi tunamwita mayu kama Wasukuma wengine, alipata kiharusi. Upande wa kulia ukalala, kauli ikapotea kabisa. Mimi nilikuwa nashona nguo Mwanza. Nikafunga cherehani nikarudi kumuuguza. Mdogo wangu Masunga alikuwa hapo hapo Bariadi, anafanya kazi kwa mnunuzi mmoja wa pamba.

Kumwogesha mama yako mzazi hakuna anayekufundisha. Siku za mwanzo nilikuwa naangalia pembeni, na yeye anaangalia pembeni. Baadaye aibu ikachoka yenyewe.

Nilikuwa namkalisha kwenye kiti cha plastiki, naweka beseni la maji ya moto miguuni, nammwagia taratibu kwa kopo. Mvuke unajaa. Mwanga wa mchana unapita kwenye kile kioo kichafu unakuwa wa rangi ya maji yaliyooshewa mchele. Sauti za nje zinakuwa mbali. Mle ndani ni kama mmeingia usingizini wote wawili huku macho yako wazi.

Basi siku moja ameegemeza kichwa nyuma, anaangalia juu. Hadibodi ilikuwa imelowa na kuchora madoa ya kahawia, makubwa kwa madogo, yenye kingo nyeusi. Akasema,

"Ng'ombe zinavuka."

Kopo liliniponyoka. Tangu augue hakuwa amesema hata neno moja.

Nikaangalia juu na mimi. Wakuu, kweli yalikuwa yanafanana na ng'ombe. Kundi zima limeinamisha vichwa, linaingia majini.

Toka siku ile, bafuni ndiko mama yangu alikokuwa anaongea. Akirudi kitandani anarudi kwenye ukimya wake. Lakini mvuke ukipanda na macho yakienda kwenye yale madoa, maneno yanatoka, machache, Kisukuma na Kiswahili vimechanganyika, ulimi mzito. Alikuwa anasimulia utoto wake kijijini Nassa. Anachunga ng'ombe za baba yake. Mto Simiyu umejaa. Ng'ombe ya mbele ni ya baka jeupe usoni. Nyuma yake kuna msichana amejifunga kanga kiunoni, anaitwa Kabula.

Nikamuuliza Masunga Kabula ni nani. Hajui. Tukamuuliza shangazi yetu wa upande wa baba. Akasema aliwahi kusikia kwamba mayu alikuwa na dada aliyechukuliwa na maji wakiwa wasichana, msiba ukaliliwa bila mwili, na jina likaachwa kutajwa.

Nikaanza kuingoja saa ya kuoga kama mtu anayengoja barua kutoka mbali. Nikawa naongeza maji ya moto ili tukae zaidi. Kila siku ng'ombe zinaingia mtoni, Kabula yuko nyuma, maji yamefika kiunoni. Hapo anachoka, anafumba macho. Hakuwahi kufika ng'ambo.

Kikohozi kilianza kidogo kidogo. Kisha kikawa cha kumkunja. Tukampeleka hospitali, daktari akamsikiliza kifua kwa muda mrefu, akauliza kama nyumbani kuna mahali penye ukungu. Masunga aliporudi akaenda moja kwa moja bafuni na tochi. Hadibodi ilikuwa imeshuka katikati kama tumbo la mbuzi mwenye mimba, na pembeni imeota kuvu jeusi.

Akasema inatoka yote wiki hiyo hiyo. Mimi nikakataa.

Tulibishana tumesimama uani, sauti chini ili mayu asisikie. Nilimweleza kwamba mama anaongea kwa sababu ya yale madoa, na tukiyatoa tunamfunga mdomo kwa mikono yetu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniambia,

"Dada, mimi pia nataka kumsikia. Lakini kwanza apumue."

Nikaingia jikoni nikalia. Kesho yake nilikuwa nimetoka kuchukua taulo, nikasikia kishindo. Kipande cha siling kilikuwa kimeanguka kwenye beseni, maji yameruka hadi ukutani. Mayu amekaa kwenye kiti chake, mzima, vumbi jeusi limemkaa mabegani. Nilimfuta, nikamwambia Masunga amlete fundi.

Haya, wa ujenzi sogeeni sasa.

Fundi alikuwa anaitwa Ngassa. Alikuwa amewahi kufunga siling za plastiki, hizi tunazoziita PVC, kwenye gesti moja Mwanza. Bariadi zilikuwa ngeni kabisa. Masunga aliziagiza kupitia lori lililokuwa linarudi kuchukua pamba, zikaja zimefungwa na karatasi ya maelekezo yenye maandishi ya Kichina. Tukaigeuza juu chini, tukabaki na picha.

Ngassa hakuanza na siling. Alitoa hadibodi yote, akakuta bati lina tundu la msumari linaloingiza mvua, na zile mbao za kushikilia siling zimeoza, ukizibonyeza zinatoa maji. Akaziba tundu. Akaweka mbao mpya alizozipaka dawa. Akatoboa ukuta juu pande mbili zinazotazamana na kuweka tofali za matundu, kidirisha kikawekwa vioo vya kufungua na kufunga. Ukuta ukasuguliwa kuvu lote na kuachwa ukauke kabisa.

Hapo ndipo wengi wanaharibu. Wanafunga PVC safi juu ya uozo. Plastiki hailowi, sawa, lakini nyuma yake maji yanaendelea na kazi yake, na mvuke usipopata njia utahamia ukutani.

Zile PVC ni vipande virefu vyeupe, vyepesi, ndani vina uwazi kama mabua. Kila kimoja kina ulimi unaoingia kwenye mwenzake. Zinafungwa kwa skrubu kwenye mbao, upande wa ulimi, ili kipande kinachofuata kifiche skrubu. Kandokando unaacha nafasi ndogo isigusane na ukuta, maana joto linaitanua. Ngassa aliisahau kwenye kipande cha kwanza, kikajikunja kama upinde, akacheka mwenyewe akakitoa na kukikata upya. Nafasi ile inafunikwa na konisi ya plastiki, ule mkanda unaozunguka pembeni. Taa nayo iwe ya kufunikwa, mvuke usiingie kwenye nyaya.

Kazi ilipoisha lile bafu lilikuwa jeupe kama ndani ya yai.

Nikamwogesha mayu. Akaegemeza kichwa, akaangalia juu. Akaangalia muda mrefu. Hakusema kitu.

Siku zilizofuata vile vile. Kikohozi kilikuwa kinapungua, usiku analala vizuri, uso umeanza kujaa. Kila mtu anafurahi. Mimi nafurahi na nimefiwa kwa wakati mmoja, sijui kama mnanielewa. Masunga naye akawa anakuja mchana kazi ikipungua, anakaa kwenye ngazi karibu na mlango wa bafu akisikiliza, kisha anaondoka bila kuuliza.

Asubuhi moja jua lilikuwa limeingia kupitia yale matundu mapya. Likapiga kwenye beseni, na mwanga wa maji ukapanda kucheza juu ya ile plastiki inayong'aa. Mayu aliutazama ukitembea huku na huku. Alikuwa anapumua vizuri, nakumbuka nilikuwa nasikiliza pumzi yake.

Akanishika mkono kwa ule mkono wake mzima.

"Kabula hakufa," akasema. "Alivuka."

Nikakaa chini sakafuni, pale pale kwenye maji.

Ilimchukua asubuhi nzima kunieleza, nusu kwa maneno, nusu kwa kubana mkono nikipatia. Kabula alikuwa na kijana ng'ambo ya mto ambaye baba yao hakumtaka. Siku ile walikuwa wanavusha ng'ombe pamoja. Katikati ya maji Kabula akamwambia mdogo wake arudi na mifugo, na nyumbani aseme mto umemchukua. Mayu akasema hivyo. Akalala kwenye msiba wa dada yake akijua yuko hai, akaona mama yake akinyolewa nywele. Akanyamaza toka utoto mpaka siku ile.

Masunga aliondoka kesho yake kwenda Nassa. Alitafuta upande ule wa pili wa mto, akiuliza kama kuna bibi aliyekuja kutoka ng'ambo akiwa msichana na hajulikani kwao. Wakamwelekeza kwenye kaya moja yenye kihenge kikubwa cha nafaka. Akamkuta bibi mrefu anapepeta mpunga, kanisani wanamwita Monika. Masunga alisalimia, akasema yeye ni mtoto wa Minza, ndilo jina la mayu.

Yule bibi akaweka ungo chini. Akauliza kama Minza bado yuko.

Alikuwa mwendo wa asubuhi tu kwa miguu kutoka walikokulia, miaka yote hiyo. Masunga alimuuliza kwa nini hakurudi, hata baba yao alipofariki. Akamjibu, "Aliyekwisha kuliliwa msiba anarudije, mwanangu? Anabisha hodi na kusema nini?"

Alikuja na Masunga. Nilimpokea mlangoni kwa salamu ya kwetu, "Mwadila mayu," akaitikia huku anatazama nyuma yangu. Hakutaka kukaa wala chakula. Akaomba maji anawe kwanza, nikamwonyesha bafuni. Akanawa uso, mikono, miguu. Kisha akaja chumbani, akapiga magoti karibu na kitanda.

Sitaeleza yaliyofuata. Hata ningetaka, sikuona vizuri kwa machozi.

Siku ya pili nikachemsha maji kama kawaida. Bibi Kabula akanipokonya ndoo. Nikamwambia apumzike, yeye ni mgeni. Akanitazama.

"Nilimtwisha mzigo wangu akiwa mtoto," akasema. "Huyu namwogesha mimi."

Akafunga mlango. Nikakaa kwenye ngazi pale alipokuwa anakaa Masunga. Ndani nikasikia Kisukuma cha kule kwao, cha haraka, na kile kizito cha mama yangu kikikimbilia kukifuata. Halafu kicheko. Sikuwa najua mama yangu anachekaga vile.

Alikaa nasi mpaka mayu alipofariki, kwa amani, kifua chake kikiwa chepesi.

Nilichojifunza ni hiki. Bafu lenye unyevu lianze na njia ya hewa na paa, siling ndiyo ya mwisho. Na kwa mgonjwa wako, kitu unachokiogopa kukitoa kwa sababu kinakupa faraja wewe, muulize kwanza mtu mwingine anakionaje. Mimi nilikuwa nasikiliza maneno ya mama, Masunga alikuwa anasikiliza pumzi. Mayu alituhitaji wote wawili.

Uwanja ni wenu. Maswali ya siling nitayajibu kadiri ninavyokumbuka. Na wewe uliyewahi kumwogesha mzazi wako, usipite kimya, tuambie alikuwa anakusimulia nini.