Siku Niliyojifanya Mkalimani wa Kihindi

Mnicheke tu, maana hata mimi nikiikumbuka jioni ile masikio yananiwaka moto, na theluji yote ya Stockholm haitoshi kuyapoza.

Kwanza niwaeleze, msije mkanihukumu bure: sisi tuliokulia Tanga tulilelewa na filamu za Kihindi, tukalia nazo, tukaimba nyimbo zake tukifua nguo, na kidogo kidogo mtu anaamini kabisa kwamba lugha ile anaijua (haijui, anajua mvua, moyo, bibi harusi na machozi, basi).

Miaka ile ya elfu mbili na kitu, akaja mwandishi mmoja kutoka India kutusomea hadithi zake kwenye maktaba ya mtaani kwetu hapa Stockholm. Mzee mpole, sweta la kahawia. Mkutubi alitueleza kwamba miaka yote alikuwa akiuza tiketi za treni, akiandika alfajiri kabla ya kazi, kwa Kihindi, ingawa wenzake walimwambia aandike Kiingereza ili asomwe na dunia. Kwa Kiswidi hakuwa na kitabu hata kimoja, na ndiyo maana mstari wa mbele alikaa mchapishaji, mama mmoja aliyekuja kuamua kama hadithi zake zitafsiriwe.

Mkalimani hakufika, treni yake kutoka Södertälje ilikwama kwenye theluji. Mkutubi akauliza nani anajua Kihindi. Rafiki yangu Furaha, Mkongo wa Bukavu, akanipiga kiwiko.

"Dada, si kila siku unatuimbiaka Kihindi? Simama basi!"

Nikasimama.

Mzee akaanza kusoma, na jamani, sauti ile! Kama maji ya uvuguvugu yanayotiririka mgongoni. Taa zikawa zinaelea, theluji dirishani ikashuka polepole kana kwamba inamsikiliza, nami nikisikia mvua naiona mvua, nikisikia bibi harusi namwona msichana wa sari nyekundu akilowa, na kijana wake anamkimbilia, na yote hayo nikayasema kwa Kiswidi, mkono kifuani (machozi niliyaongeza mwenyewe, hakuna aliyeniomba).

Makofi. Mzee akaunganisha viganja, akaniinamia kwa shukrani.

Kumbe mkalimani alikuwa amefika, amesimama mlangoni na theluji mabegani. Akanisogelea, akaninong'oneza bila hasira kwamba katika hadithi ile hamna kijana yeyote: ni fundi cherehani mzee, mafuriko yamejaa, kapanda juu ya paa na cherehani yake, anamalizia gauni la harusi ya watu.

Mchapishaji tayari alikuwa anavaa koti. "Nzuri," akasema, "lakini wapenzi kwenye mvua tunao tele."

Ningeweza kunyamaza. Lakini mzee alikuwa bado ananitabasamia.

Nikashika maikrofoni tena. "Tafadhali kaa kwanza. Yote uliyosikia nimeyatunga mimi. Kihindi sikijui."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Furaha akajifunika skafu usoni: "Yesu wangu, mimi simujui huyu!"

Mzee akasoma upya, mkalimani akafasiri, na yule fundi akashona juu ya maji hadi hakuna aliyekohoa. Mchapishaji akavua koti. Baadaye kitabu kilitoka.

Tulipoagana, mzee, aliyekwisha kuelezwa na mkalimani yale niliyoyatunga, alimtuma aniulize: "Na yule kijana wako, alimfikia msichana?"

Ndugu zangu, kuipenda lugha si kuijua, ila ni mwanzo mzuri. Ukiipenda, kaa ujifunze, kama ninavyojifunza sasa. Lakini maikrofoni, wallahi, sishiki tena, hata nikiombwa kutangaza chai.